Jicho Ni la Mama Zainabu

Mmeniaga vizuri, wanangu, sina neno. Pilau lilikuwa la kutosha, hotuba zilikuwa fupi kuliko nilivyoogopa, na zawadi mmenipa feni. Feni! Newala, mwezi wa sita, ukungu unaingia mpaka chumbani na mimi nalala na sweta mbili. Nimeiweka juu ya kabati, inapendeza. Lakini siku ile mmoja wenu aliniuliza swali nikiwa na mdomo umejaa nyama, nikamjibu ovyo, na tangu hapo roho hainitulii. Aliuliza, "Mama Rehema, kwa nini mashine zetu hazionyeshi kurasa za mtandao kama wenyewe walivyozitengeneza? Mkuu mpya anataka tuzirudishe kama zilivyotoka kiwandani." Nikasema, "Msithubutu." Hilo lilikuwa jibu la pilau. Jibu lenyewe ni refu kidogo, na linaanzia Masasi.

Vyeo sitavieleza. Vilikuwa viwili, na vyote vilinikuta kwenye meza ileile yenye mguu mfupi. Mshahara nao tuuache ulale.

Nilianza kazi Masasi, karibu na soko, kwenye duka la steshenari. Nilikuwa mpiga chapa: barua za maombi ya kazi, kadi za harusi, matangazo ya mbuzi aliyepotea. Siku mwenye duka alipoleta kompyuta ya kwanza tuliifunika kitambaa cha maua tukaikodolea macho wiki nzima, kwa sababu hakuna aliyejua pa kuigusa. Ndipo akaitwa fundi wa redio wa baraza ya jirani, Fundi Mchopa, Mungu amrehemu. Hakuwa ameiona kompyuta maishani mwake. Akaizunguka, akainusa (nasema kweli, aliinusa), akasema, "Nayo ni mashine. Nipeni siku tatu." Siku ya tatu ikawaka, na mimi nikaomba niwe nashinda kwake kila nikimaliza kuchapa.

Siku yangu ya kwanza kwenye baraza lake alinipa redio ya bibi mmoja, imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Nilisafisha, nikabadilisha waya uliokatika, ikalia. Kwa furaha nikaanza kuzungusha sindano natafuta taarabu. Fundi akaacha kazi yake.

"Sindano uliikuta wapi?"

"Wapi vipi, Fundi?"

"Kabla hujaizungusha. Ilikuwa kwenye stesheni gani?"

Sikujua. Akanituma nyumbani kwa yule bibi, mwendo wa jua kali, nikamuulize anasikiliza nini ili niirudishe palepale. Niliona uonevu mtupu. Niliporudi na jasho akaniambia, "Redio ni yake. Wewe umeitwa kuitibu, hukuitwa kuisikiliza." Kuanzia siku hiyo, kila mashine iliyoingia, kabla hatujaifungua, tuliandika kwa chaki ubavuni mwenyewe alivyoiacha: sindano ilipo, sauti ilipo. Kompyuta zilipozidi redio aliendelea vilevile, ila chaki ikawa daftari. Mimi nimebeba daftari hilo kazini maisha yangu yote, na nyinyi mmenicheka sana kwa hilo, nawajua.

Nikaja Newala kituo chetu cha kompyuta kilipofunguliwa. Mashine sita, zote za msaada, zote zimeshachoka kwa watu wengine huko zilikotoka. Kazi yangu ilikuwa kuzitunza na kuwafundisha watu. Vifaa vyangu vilikuwa bisibisi mbili, brashi ya kupakia rangi kwa ajili ya vumbi jekundu la kiangazi, na chupa ya rangi ya kucha ya kuandikia herufi za kibodi zilizofutika. Herufi ya A hufutika kwanza, kila mashine. Maji ya kufutia hatukuthubutu kuomba. Uwanda huu tunaujua, ndoo ya maji inavyotafutwa kwa shida. Kitambaa kikavu na pumzi, basi.

Watu walikuja kutoka Makote, Chilangala, Mkunya, wengine kwa baiskeli, wengine kwa miguu, wakivua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyewaambia. Nikawafundisha. Na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mpaka leo nikilikumbuka natamani kujificha uvunguni.

Mnajua kurasa za mtandao zinavyouliza-uliza: Je, unaruhusu tukutumie taarifa? Unaruhusu hiki, unakubali kile? Nilitaka watu wangu waangalie kwanza kabla ya kujibu. Nikawaambia darasani, "Ukurasa ukikuuliza Ruhusu, ujue hapo kuna mtu anabisha hodi." Nikajiona mwalimu hodari kweli. Nilisahau niko wapi. Hodi kwetu ina jibu moja tu. Unaitikia karibu ukiwa bado unasonga ugali, mtu anaingia, anakaa, anapewa maji, halafu ndipo unajua ni nani na kaleta nini. Kumwacha mtu amesimama nje akibisha ni aibu itakayosemwa mpaka kwa wajukuu. Kwa hiyo watu wangu, kwa adabu zao zote, wakawa wanabonyeza Ruhusu. Kila kilichobisha kilikaribishwa. Baada ya mwezi mashine zikawa zinapiga kelele kama gulio: vidirisha vya kamari, dawa za kunenepesha, hongera umeshinda.

Asubuhi moja nikamkuta Mzee Hassani wa Makote amekaa kwenye benchi letu, kanzu nyeupe, kofia ya kazi nzuri, mkongojo umelazwa magotini.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuchukua simu yangu."

"Simu gani, Baba?"

"Niliyoshinda. Jana mashine yako ya tatu ilinipa hongera. Ikabisha hodi vizuri tu, nikaikaribisha, ikasema mimi ndiye mshindi wa leo. Nyumbani nimeshawaambia."

Nikakaa pembeni yake. Nikamweleza kwamba hakuna simu, kwamba maneno yale huwatokea watu wote. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha, kisha akauliza, "Mashine yako ilijua kwamba ni uongo?"

"Mashine haijui, Baba."

"Na wewe?"

Nilikuwa nimeviona vidirisha vile wiki nzima. Nilivifunga kwa mkono, kimoja kimoja, nikapita. "Mimi nilijua," nikasema.

Akainuka, akachukua mkongojo wake, akaniaga kwa heshima zote. Hakurudi tena. Alinitoa machozi, mzee yule, kwa sababu hakunikaripia. Angenikaripia ningepata pa kushika.

Siku hiyo nilifunga mlango mapema, nikakaa na zile mashine sita nikajiuliza kwa sauti: hiki kivinjari, hii programu inayotufungulia kurasa za mtandao, kinamtumikia nani? Maana ukurasa hauji peke yake, wanangu. Unakuja na maagizo: onyesha hiki, ficha kile, fungua dirisha jingine, mtazame anachosoma kisha urudi uniambie. Mwenye tovuti anaagiza. Lakini aliye hapa chumbani, anayeweza kutii au kukataa, ni kivinjari. Na kivinjari kimekaa kwetu, kinatumia umeme wetu, mbele yake amekaa mtu wetu. Nikaona nimekuwa na mtumishi ndani ya nyumba anayemsikiliza kila mpita njia isipokuwa mwenye nyumba.

Nikaanza upya. Nikazipanga zote sita zikatae kwanza, ziulize baadaye. Matangazo nikayazuia. Kisha nikafungua daftari, na kila aliyekaa kwenye kiti nikamuuliza yeye anatakaje: herufi kubwa au ndogo, picha ziwepo au zisiwepo, matangazo ayaone au asiyaone. Msidhani wote waliyakataa. Kulikuwa na fundi cherehani wa sokoni aliyeyapenda kwa sababu ya picha za vitambaa. Alikuwa anachora mishono humo humo. Nikamfungulia. Atake yeye, si mimi na si mwenye tovuti.

Sasa Mama Zainabu. Wengine mmemkuta, lakini hamkumkuta alivyokuwa.

Alitoka Mkunya. Jicho la kushoto lilikufa kwa surua akiwa mtoto, na la kulia lilikuwa limechoka kwa kufanya kazi ya mawili. Kwa miaka tisa alikuwa akifundisha watoto wa chekechea kijijini kwao. Nusu ya wanaojua kuandika majina yao pale Mkunya walishikwa mkono na yeye. Kisha wenye chekechea wakatangaza: kuanzia Januari, asiye na cheti cha kidato cha nne hatashika darasa. Yeye alikuwa ameishia la saba. Akajiandikisha kufanya mtihani kama mtahiniwa binafsi, na kila siku watoto wakishaondoka, saa sita mchana, alikuja kwetu kusoma. Alikuwa ananiletea ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha ndani ya kitambaa, tunakula pamoja kabla ya kuanza.

"Mama Rehema," aliniambia siku moja, "wale watoto wakipewa mtu mwingine mimi nitakuwa nani? Nitakaa barazani nawatazama wanapita?"

Nikasema, "Hutakaa." Sikuwa na haki ya kuahidi. Nikaahidi.

Masomo aliyotegemea yalikuwa kwenye tovuti moja tu, ya mwalimu wa sekondari wa Masasi, Mwalimu Fadhili. Msinielewe vibaya: ile kazi ilikuwa nzuri. Somo limeandikwa kwa Kiingereza cha mtihani na chini yake maelezo ya Kiswahili, na mwisho maswali ishirini yamejibiwa. Hakuna aliyetusaidia watu wa huku kama yeye. Lakini jinsi alivyoufunga ukurasa wake, Nnungu wangu! Herufi za kijivu, ndogo, na umezuiwa kuzikuza. Ukitaka kunakili mstari mmoja, yanatokea maandishi mekundu: KUIBA NI DHAMBI. Na la kuudhi kuliko yote, kila baada ya dakika chache ukurasa ulijifuta na kujifungua upya kutoka juu, ili matangazo mapya yaingie na yahesabiwe. Mwenye macho mawili mazima anaudhika tu. Mama Zainabu alikuwa hafiki swali la tatu. Anarudishwa juu, anaanza tena, anarudishwa. Nilimkuta siku moja amelaza paji la uso kwenye meza.

Nikachukua daftari. "Unautakaje ukurasa huu?"

"Herufi kubwa kama za ubaoni," akasema. "Nyeupe juu ya nyeusi. Na utulie. Utulie tu, Mama Rehema, nami nitafika."

Nikakiagiza kivinjari kichukue maneno peke yake na kuyaacha maagizo mengine yote. Ukurasa ukatulia. Siku hiyo alisoma mpaka tukafunga.

Mwalimu Fadhili aliona kwenye hesabu za tovuti yake kwamba kuna wasomaji wa Newala wanaosoma bila kuona matangazo. Akajenga ukuta: ZIMA KIZUIZI NDIPO USOME. Ukuta nao ni agizo, kivinjari kikakataa. Akaujenga upya, kikakataa upya. Tukaenda hivyo kama miezi miwili bila kuonana uso kwa uso. Mwishowe akaandika barua kwa mkuu wetu wa wakati ule, Baba Doreen, na zikiwa zimebaki wiki tatu kufika mtihani akapanda gari la asubuhi akaja mwenyewe.

Niliitwa ofisini saa nne. Nikamkuta kijana mwembamba, shati limepigwa pasi, macho yamechoka. Akainuka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za Masasi?"

"Nzuri, Mama. Ila nimekuja na lawama."

"Kaa basi tuisikie."

Akasema vizuri, sikatai. Alisema yale masomo ameyaandika miaka mitatu, baada ya vipindi, kwa kidole kimoja, bila kulipwa na mtu. Yanayoiweka tovuti hewani ni matangazo. "Mkiyazuia nyie, na kesho wakiyazuia Masasi, na keshokutwa Nachingwea, tovuti inakufa. Huyo unayemtetea atasoma nini?"

Hilo lilinichoma kwa sababu ni kweli, na hata leo sina jibu lake lote. Nikamwambia hivyo hivyo.

Baba Doreen akashusha pumzi. Ni mtu wa amani, Baba Doreen. Ugomvi ukiingia kwa mlango yeye hutokea dirishani. "Basi yameisha," akasema. "Mama Rehema, rudisha mashine kama zilivyotoka kiwandani, Mwalimu apate haki yake, tunywe chai."

"Sirudishi, Baba Doreen."

"Husemi kweli."

"Nasema kweli kabisa."

Akanitazama kama aliyeona kiti kinaongea. "Hebu tuelewane. Ukurasa ni wa nani?"

"Wa Mwalimu. Aupambe anavyotaka, aufunge hata leo, sitamuuliza."

"Na kompyuta?"

"Ya kituo."

"Sasa wewe hapo katikati una nini chako?"

"Mimi sina changu. Lakini kuna jicho, Baba Doreen. Jicho ni la Mama Zainabu, na amebakiwa nalo moja. Mwalimu ana haki na maneno yake. Jinsi maneno yale yanavyoingia kwenye jicho la mtu, hiyo haki ni ya mwenye jicho. Mashine ikiwa mbele yake, imtii yeye."

Mwalimu Fadhili akasema, "Mama, kila mtu akitii la kwake, sisi wenye tovuti tumtegemee nani?"

"Muombeni msomaji. Msimburute."

Baba Doreen akapiga meza, si kwa nguvu, lakini sikuwahi kumwona akiipiga. Akaniamuru niandike barua ya kujieleza. Nikamwambia anipe karatasi. Nikaandika palepale nimesimama: Nimezipanga mashine zimtii anayezitumia. Nitaendelea. Nikatia sahihi.

Akaisoma mara mbili. "Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo."

"Nakupa mpaka Ijumaa, Mama Rehema. Ijumaa mashine zikiwa bado hivyo, unahamia stoo kuhesabu viti, na atakuja mtu mwingine kuzirudisha."

Nilitoka na hofu, sitawadanganya. Viti vya stoo sikuviogopa. Niliogopa Ijumaa ile, kwa sababu kuanzia hapo mpaka mtihani ni siku ambazo Mama Zainabu angekuwa anarudishwa juu kabla ya swali la tatu, na kwake hakukuwa na kompyuta nyingine.

Kwenye korido nikamgeukia Mwalimu. "Gari la Masasi halijajaa bado. Njoo umwone msomaji wako kabla hujaondoka."

Alisita, lakini alikuja. Adabu alikuwa nayo.

Mama Zainabu alifika saa sita yake ileile, chaki bado iko kwenye vidole. Nilipomtambulisha alishika kifua. "Ndiye wewe, Mwalimu? Nilidhani wewe ni mzee!" Nikamwomba ruhusa: je, kwa muda mfupi nimwekee ukurasa kama Mwalimu alivyoutengeneza, ili mwenyewe aone? Akakubali. Nikaiweka mashine ya sita kama mpya.

Akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Akaanza kusoma kwa kunong'ona, neno baada ya neno. Upande wa kulia kulikuwa na mtu wa matangazo anaruka-ruka na simu. Akafika swali la pili. Ukurasa ukajifuta, ukarudi juu.

"Ongeza kasi kidogo, Mama," Mwalimu akasema, kwa upole.

"Hii ndiyo kasi yangu, Mwalimu."

Akaanza tena. Ukajifuta tena. Mara ya tatu Mwalimu akaangalia pembeni, akasema, "Inatosha, Mama Rehema. Nimeona."

Nikarudisha mpangilio wake. Herufi zikaja kubwa, nyeupe juu ya nyeusi, zimetulia. Mama Zainabu akaegemea kiti kama mtu aliyeshushiwa ndoo kichwani, akateremka ukurasa mpaka chini kabisa. Kisha akasema, "Mwalimu, kwa vile umekuja mwenyewe, kuna kitu nilikuwa naogopa hata kukiwaza. Hapa, swali la kumi na mbili."

"Lina nini?"

"Umeandika ateri ndizo zinazorudisha damu kwenye moyo, na vena ndizo zinazoitoa. Kwenye kitabu nilichoazima imeandikwa kinyume. Nikasema, Mwalimu hawezi kukosea, ni mimi mjinga. Nimekariri kama ulivyoandika wewe."

Mwalimu Fadhili aliinama. Alisoma. Akasoma tena, midomo inacheza. Nilimwona masikio yanabadilika rangi.

"Swali hili liko hapa miaka mitatu," akasema. "Wanafunzi wote wanaoingia humu. Mbona hakuna aliyeniambia?"

Mama Zainabu alijibu bila ubaya wowote, kama anayemsaidia kutafuta kalamu iliyopotea. "Labda hawajafika huku chini, Mwalimu."

Mwalimu akavuta kiti cha mashine ya tano, akakaa. Akafikiri. Halafu akaomba kibodi, akaingia kwenye tovuti yake kutoka pale pale, akarekebisha swali la kumi na mbili, na kabla hajainuka akaondoa lile agizo la kujifuta. Mkono ulikuwa mzito, nilimwona. Alikuwa anajikatia pato mwenyewe. Matangazo aliyaacha. Ukuta wake aliuacha.

"La matangazo tutaendelea kugombana, Mama," akaniambia mlangoni.

"Tugombane, mwanangu. Karibu Newala."

Na tumegombana kweli, miaka yote, kwa barua na kwa simu. Ile tovuti haikufa. Siku hizi chini ya kila somo kuna mstari unamwomba msomaji, akipenda, afungue matangazo. Wapo wetu waliofungua. Mama Zainabu mmojawapo, akiyataka yakae chini, madogo, yasiruke.

Ijumaa Baba Doreen alipita kwenye chumba cha mashine, mikono nyuma. Akatazama skrini moja baada ya nyingine. Mashine zilikuwa vilevile, na mimi nilikuwa nimeshakusanya vitu vyangu kwenye boksi kwa ajili ya stoo. Akaliangalia boksi, akauliza kama kuna chai, nikasema ipo, akanywa, akaondoka. Hakusema rudisha wala acha. Barua yangu ipo kwenye faili, nendeni mkaisome.

Kwa hiyo mkuu mpya akiwaambia mzirudishe kama zilivyotoka kiwandani, msimjibu kwa hasira kama mimi, lakini msizirudishe. Mpelekeni chumbani, mkalisheni kwenye kiti, mmuulize yeye anautakaje ukurasa wake. Atataka kitu, kila mtu anataka. Kisha mwambieni hivyo ndivyo na wenzake wanavyotaka vyao. Akiwahamishia stoo, hesabuni viti huku mkiandika barua nyingine. Wenye tovuti wana wanasheria, wana wataalamu, wana hesabu zao. Mtu wa Chilangala aliyekaa kwenye kiti hana mwingine humo ndani ila ile programu na nyinyi mlioipanga.

Siku ya matokeo chumba kilijaa, wengine wamesimama dirishani. Mama Zainabu alikuja amevaa kitenge cha sikukuu. Nikanyoosha mkono nimtafutie. Akanizuia. "Niache, Mama Rehema. Nitafika mwenyewe."

Akateremka ile orodha ndefu ya namba, taratibu, kidole kiko kwenye kioo, watu wote wanasubiri na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Akaipata namba yake. Alikuwa amefaulu. Darasa lilikuwa lake. Sikumwona akilia, nilimwona akibonyeza kukuza herufi. Namba ikawa kubwa. Akabonyeza tena, majirani zake kwenye orodha wakatoweka. Akabonyeza tena, mpaka ikajaa kioo kutoka ukingo mpaka ukingo.

Mtu mmoja nyuma akauliza, "Mama Zainabu, bado hujaona tu?"

"Mimi nimeshaona," akasema, na kidole hakikutoka kwenye kibodi. "Sasa nataka muone nyinyi."

Akabonyeza tena.